Mama Yangu Juu ya Bango

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshikwa ukosi na mlinzi, jiwe la pili bado liko mkononi, na umati chini ya bango unapiga kelele: "Anampiga mama yake mawe!"

Hawakukosea sana. Jiwe la kwanza lilikuwa limempata mama shavuni.

Kwa aliyechelewa kuifuata hadithi hii, nimpe mkono aingie. Mimi ni mpiga picha. Mama yangu ni fundi cherehani. Siku moja nilimpiga picha dirishani, chumbani kwake kwa kazi, ameinamisha macho anatunga uzi kwenye tundu la sindano. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Sikumuuzia mtu, sikumpa mtu aitumie. Kisha asubuhi moja nikaikuta njia panda, imekuwa kubwa kama ukuta wa ghala, inatangaza bima ya mazishi.

Sindano walikuwa wameikata. Uzi pia. Walibakiza uso wa mama na yale macho yaliyoinama, na chini yake maneno manene: ALIONDOKA KWA AMANI. JE, WEWE UMEJIPANGA?

Mama yangu hajaondoka kwenda popote. Yuko hai, mzima wa afya, na mdomo wake ni mzima kuliko yeye.

Basi, yule mlinzi aliniachia. Hakuniachia kwa haki, aliniachia kwa huruma.

"Pole kwa msiba, kaka," aliniambia, akanipangusa vumbi begani. "Huzuni humtia mtu wazimu. Hata mimi nilipofiwa nilimpiga mbuzi."



* * *

Nilipofika kwa mama nilikuta mwanamke amesimama mlangoni na leso usoni, analia kwa kwikwi. Mama amesimama mbele yake, futi ya kupimia imening'inia shingoni, pini tatu mdomoni.

"Jamani mmefanana!" yule mwanamke alikuwa akisema. "Wewe ni mdogo wake marehemu?"

Mama akazitoa pini mdomoni, moja moja.

"Marehemu ni mimi," akasema. "Ingia ujaribu gauni lako."

Hakuingia. Alimtazama mama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akacheka kicheko cha aibu, akasema anamshukuru Mungu. Halafu akaomba arudishiwe kitambaa chake.

"Nimeshakikata, mwanangu."

"Basi nipe hivyo hivyo, kimekatwa."

Mama akakikunja kile kitambaa vizuri, kipande juu ya kipande, akampa. Hakuwa wa kwanza siku ile. Kamba ambako mama huning'iniza nguo za watu ilikuwa imebaki na vibanio vitupu.

Ndugu msomaji, mama hushona magauni ya harusi. Wengine walidhani amekufa. Waliojua kwamba yuko hai ndio waliokuwa wabaya zaidi, maana hao hawakuwa na la kuelezwa. Bibi harusi gani atavaa gauni lililoshonwa na sura ya mazishi? Walikuja na visingizio. Mmoja eti mchumba amesafiri. Mwingine eti amenenepa ghafla. Kila mmoja aliondoka na kitambaa chake kwapani, na kila mmoja alipitia njia ya nyuma asimkute mwenzake.

Dada yangu mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, mikono kifuani. Alinisubiri nivuke kizingiti.

"Karibu, mfanyabiashara," akasema. "Umemuuza mama."

"Sijamuuza!"

"Picha kapiga nani?"

"Mimi."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwangu."

"Sasa imefikaje njia panda? Ilitembea? Iliomba lifti?"

"Dada, nakuapia..."

"Usiniapie. Tangu utoto ukiapa ndiyo umefanya. Watoto wangu wamerudi shuleni wanalia, wanaulizwa bibi yao alikufa kwa ugonjwa gani. Nikawaambia bibi yupo. Wakasema mwalimu kasema kwenye bango hawawezi kuandika uongo."

Damu ikanipanda. Mimi ni mtu wa moto, sifichi. Nikapiga teke kikapu cha vipande vya nguo, vikaruka chumba kizima. Na kwa kuwa si desturi ya mama kuvumilia uchafu, nikainama nikaanza kuviokota kimoja kimoja, hasira yote ikiwa bado imenijaa kifuani. Hakuna kitu kinachodhalilisha kama kuokota ulichokipiga teke.

Mama akaja akachuchumaa karibu nami.

"Mwanangu," akasema taratibu, "sikuulizi kama uliuza. Wala sikuulizi kama ulipata kitu. Nishushe tu."

"Mama, sikuuza."

"Nimesikia. Nishushe."

* * *

Ofisi ya kampuni ya bima ilikuwa na zulia laini kiasi kwamba hata ukikanyaga kwa hasira husikiki. Hilo peke yake lilininyima nusu ya nguvu.

Meneja alinipokea kwa upole, upole wa daktari wa meno kabla hajakushika taya. Akanikaribisha kiti. Akaniwekea glasi ya maji.

"Mmeiba picha yangu," nikasema kabla sijakaa.

"Hapa hatuibi, kaka. Hapa tunanunua."

"Mmenunua kwa nani?"

"Kwa wakala wa picha. Naye alipewa na mwenyewe, kwa haki zote."

"Mwenyewe ni mimi!"

"Inawezekana," akasema. "Tuonyeshe."

Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nikatoa kompyuta yangu mkobani kama mtu anayetoa upanga. Nilikuwa na picha yenyewe, ile nzima, kama ilivyotoka kwenye kamera, haijapunguzwa wala kuguswa. Sindano imo, uzi umo, mkono wa mama umo. Nikaigeuza kompyuta aione.

"Mnayo hii nyinyi? Mnayo sindano?"

Meneja akasogea. Alitikisa kichwa kwa heshima. Kwa dakika moja nilihisi nimeshinda.

"Picha nzuri sana," akasema. "Hebu fungua maelezo yake ya ndani."

Niwaeleze msiojua kazi hii. Kila picha inayozaliwa na kamera za siku hizi hubeba habari zake ndani: tarehe, lenzi, mwanga uliotumika, na jina la mwenye kamera kama liliandikwa humo. Haionekani usoni. Ni kama damu. Mtoto unaweza kumvisha utakavyo, lakini ukimpima damu utajua ni wa nani.

Nikafungua. Damu ile haikuwa yangu.

Palikuwa na jina la mwalimu wangu. Jina lake kamili, ambalo hakuna anayelitumia mitaani, maana mitaani wote tunamwita Mzee Kimulimuli.

Sikushangaa kuliona jina lile. Nililijua tangu siku ya kwanza. Hapa ndipo penye ujinga wangu, au wetu sote tuliopita mikononi mwake. Mzee Kimulimuli alikuwa na desturi yake: mwanafunzi akihitimu, alimpa kamera moja aliyoitumia mwenyewe, na ndani ya kamera ile kulikuwa na jina lake. Kulifuta ni jambo la kubonyeza vitufe viwili vitatu. Hakuna aliyelifuta. Kati yetu, kulifuta jina la mwalimu kulikuwa ni kama kumvua mzee kofia mbele za watu. Tulijivunia. Tulipokutana tulionyeshana: "Bado lipo?" "Bado lipo." Mimi jina langu nililiweka kama muhuri pembeni mwa nakala nilizowapa wateja, na nilidhani linatosha.

"Hii ni heshima tu," nikamwambia meneja. "Ni desturi."

"Naelewa."

"Ngoja nikuonyeshe nyingine."

Nikafungua picha nyingine ya siku ileile. Jina lilelile. Nikafungua ya mwezi uliopita. Jina lilelile. Nikafungua picha ya mtoto wa dada yangu anayepaka rangi za kuchorea ukutani. Hata ile ilikuwa ya Mzee Kimulimuli. Kadiri nilivyofungua ndivyo nilivyozidi kumrithisha mzee maisha yangu yote, na meneja akawa anatazama kama anayemwangalia mtu anayejichimbia kaburi.

"Kaka," akasema mwishowe, "mwenye haki ya picha ni aliyepiga. Si aliyepigwa, wala mtoto wa aliyepigwa. Na aliyepiga, kwa mkataba na kwa kamera, ni huyu mzee."

"Lakini huyo ni mama yangu! Mnasema amekufa, naye yuko hai!"

"Tumefurahi sana kusikia hivyo."

Niliipiga meza kwa kiganja. Akaisogeza glasi ya maji taratibu isimwagike.

"Mlete mwenye jina aseme si yake," akasema. "Au aandike. Sisi hatuna ugomvi na mtu."

* * *

Njiani moto ulinikaa kifuani ukakosa pa kutokea, na mimi moto ukikosa pa kutokea hugeuka vina. Nilipofika nyumbani nilikuwa na ubeti mzima, nikamsomea mama kwa sauti, nimesimama katikati ya chumba:

*Nimepanda kwa mkono, kavuna asiyelima,*
*Nimetia langu wino, jina ni la kuazima,*
*Sasa nabaki na meno, nami sina cha kuuma,*
*Mama yangu, kwa agano, nitakushusha salama.*

Mama alisikiliza hadi mwisho, mguu wake umetulia juu ya kanyagio la cherehani.

"Ubeti mzuri," akasema. "Sasa tafuta ngazi."

Dada yangu akacheka hadi akashika mbavu. Nami nikacheka, kwa shida. Nikawaeleza yote. Mama akauliza mara mbili, ahakikishe.

"Kwa hiyo sura ni yangu?"

"Ndiyo."

"Picha ni yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na jina ni la mwalimu wako?"

"Ndiyo."

"Na mazishi ndiyo yangu tena. Haya, kila mtu kapata chake."

Halafu akaanza kukanyaga cherehani. Haikuwa na nguo. Sindano ilipanda na kushuka juu ya chuma kitupu, kwa muda mrefu.

* * *

Nyumbani kwa Mzee Kimulimuli, lile pazia la studio lenye ngazi za kifalme na mawingu ya rangi, ambalo nusu ya watu wa mji huu wamepigwa picha mbele yake, limetundikwa mlangoni kutenganisha sebule na chumba cha kulala. Binti yake alilifunua akatokea katikati ya mawingu.

"Karibu, mdogo wangu. Baba atafurahi. Siku hizi hawaji tena."

Mzee alikuwa kitini karibu na dirisha. Mikono yake inatetemeka sasa, hawezi kushika kamera. Lakini macho yale ni yaleyale. Aliponiona alinitazama kwanza kivuli, kisha mtu.

"Umekonda upande wa kushoto," akasema.

"Ni mwanga, Mwalimu."

"Ni mwanga, ndiyo. Nilitaka kuona kama bado unajua."

Nikamweleza habari ya bango. Kabla sijafika mbali, binti yake akashika kinywa. Ndipo nikaelewa jinsi picha ilivyosafiri.

Zamani, kila nilipopiga picha mpya, nilikuwa namletea mzee kwenye flashi ya kompyuta ili anikosoe. Alizinakili kwenye kompyuta yake. Mzee alipoacha kazi, wakala wa picha akaja kununua haki ya picha zake zote, na binti, ambaye hajawahi kupiga hata picha ya paka, akaiambia kompyuta ikusanye kila yenye jina la baba yake. Kompyuta ikakusanya. Kompyuta haijui heshima wala desturi.

"Wallahi sikujua," binti akasema. "Niliona jina la baba. Ningejuaje?"

Nilikuja nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilikuwa na maneno tayari, makali, yamepangwa. Sasa nigombane na nani? Na huyu dada aliyesimama na kitambaa cha kupangusia meza mkononi? Na kompyuta?

"Nionyeshe hiyo picha," mzee akasema.

Nikamwekea mapajani. Alishika kingo za kompyuta kwa mikono miwili, itulie. Akatazama. Alitazama mpaka binti yake akakaa.

"Mwanga huu ni wangu," akasema.

"Ulinifundisha wewe, Mwalimu."

"Dirisha moja. Shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Mtu asipojua pa kuweka mikono, mpe kazi yake aishike. Haya yote ni yangu."

"Ni yako, Mwalimu."

"Basi na picha ni yangu."

Moyo ulinidondoka hadi kwenye zulia.  Ningemwambia nini? Kwamba ananiibia? Mtu aliyenifundisha hata namna ya kupumua kabla ya kubonyeza?

Mzee akaendelea kutazama. Kisha akatikisa kichwa polepole.

"Hapana," akasema. "Mimi ningemwambia anitazame. Wote niliwaambia, nitazame, nitazame. Wewe ulimwacha aendelee na sindano yake. Hilo sikukufundisha." Akanirudishia kompyuta. "Ni yako, kijana wangu. Na ningependa sana iwe yangu."

Binti akasema kwa sauti ya chini, "Baba, ukiikana hii, wakala ataanza kuuliza na nyingine. Tumeshasaini."

"Aulize."

"Baba..."

"Mama wa mtu amezikwa akiwa hai, wewe unaniambia wakala? Lete karatasi."

Aliandika mwenyewe, kwa mkono ule unaotetemeka, akakataa asaidiwe. Herufi zilipanda na kushuka kama mtu aliyelewa. Alipomaliza hakunipa karatasi mara moja.

"Jina langu uliliacha humo kwa nini?"

"Kwa heshima, Mwalimu."

"Heshima gani hiyo, inayomfanya mzee awe mwizi bila kutoka kitini?"

Akaiachia karatasi.

* * *

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojifunga kamba shingoni kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikitabasamu.

Meneja aliisoma karatasi ya mzee. Akapiga simu mbili. Akarudi na uso wa msiba.

"Kampuni inasikitika sana," akasema. "Bango litashushwa kesho asubuhi."

Ndugu zangu, niliposikia lile neno "litashushwa" masikio yangu yakaziba. Nilikuwa nimeshatoa simu nampigia mama. Meneja akaweka karatasi mbele yangu, akasema ni ya kawaida tu, akaanza kunisomea kwa sauti. Alisoma kila neno, siwezi kumsingizia. Alisoma kwamba nimeridhika. Alisoma kwamba baada ya bango hili kushushwa, mimi sitakuwa na dai lingine lolote dhidi ya kampuni, kwa picha yoyote iliyonunuliwa kwa wakala huyo, iliyokwisha kutumika au itakayotumika.

"Halo? Mama? Unashuka kesho!" nilikuwa napiga kelele kwenye simu. "Kesho asubuhi! Shona upya lile gauni lako la bluu!"

"Saini hapa, kaka," meneja akasema.

Nikasaini. Saini yangu ina mkia mrefu, nimeubuni mwenyewe, na siku hiyo niliuvuta hadi ukingoni mwa karatasi.

Nilisikia maneno yote. Maana yake sikuisikia hata kidogo.

* * *

Asubuhi njia panda ilijaa kama uwanja wa mpira. Habari zilikuwa zimeenea kwamba marehemu anakuja kujishuhudia akishushwa. Mama alivaa gauni la bluu, akasimama mbele kabisa na mkoba wake mkononi, ameinua uso juu kuutazama uso wake mwenyewe. Watu walimsogelea kumgusa mkono.

"Ni wa moto!" mmoja akawatangazia wenzake. "Yuko hai kweli!"

"Ulitaka niwe wa baridi?" mama akamuuliza.

Vijana wawili wa kampuni walipanda ngazi na visu vya kukatia. Wakaanza pembeni. Karatasi ya bango ilijikunja kwa uzito wake, ikavuta maneno kwanza: KWA AMANI ikaenda, ALIONDOKA ikaondoka. Kisha kidevu. Kisha shavu lenye alama ya jiwe langu. Macho yalibaki mwisho, yameinama, yanatutazama wote kwa mara ya mwisho, halafu nayo yakakunjamana yakaanguka chini na kishindo.

Umati ulilipuka. Kuna mwanamke alipiga vigelegele. Yule aliyerudishiwa kitambaa kilichokatwa alipenya hadi kwa mama akamnong'oneza kitu, na mama akafungua mkoba akatoa futi ya kupimia, palepale barabarani, akaanza kumpima kiuno.

Dada yangu alinisogelea. Hakuniomba radhi, si desturi yake. Alinipiga ngumi ndogo begani.

"Haya, umemshusha," akasema.

Mama akaniangalia juu ya mgongo wa mteja wake.  Niliyajua macho yake: alikuwa amenirudia. Nikahisi nimekua kimo. Nikajisemea, nani tena wa kunitisha mimi?

Wale vijana hawakushuka. Walivuta juu karatasi nyingine, mpya, iliyoviringwa kama mkeka, wakaanza kuikunjua kutoka kulia.

Kwanza yalitokea maua. Halafu mkono mwenye pete. Halafu shela jeupe.

Shela lile nililijua. Alilishona mama. Na picha ile nilipiga mimi, siku ya harusi, kwenye ngazi za ukumbi: bibi harusi amegeuza shingo kidogo, machozi yamemjaa machoni kwa furaha, anamtazama mume wake anayepanda kumfuata.

Mume hakuwepo. Walikuwa wamemkata kama walivyoikata sindano.

Ndipo nikaikumbuka flashi. Sikuwa nimempelekea mzee picha ya mama peke yake. Nilimpelekea kazi zangu zote: mabibi harusi, watoto wachanga, wahitimu na kofia zao, wazee kwenye viti vyao, mtaa mzima ulionifungulia mlango na kuniamini. Wote walikuwa na jina lake. Wote walikuwa wameuzwa. Na mkia wa saini yangu ulikuwa umewafunga wote fundo moja.

Maneno yakakunjuliwa chini ya shela: AMEBAKI PEKE YAKE. LAKINI HAKUBAKI MIKONO MITUPU.

Vigelegele vilikatika. Watu waliomjua yule bibi harusi walianza kugeuka, mmoja mmoja, si kumtazama yeye juu, bali kutazama nyuma yangu.

Nikasikia harufu ya nyama mbichi. Nikahisi mkono mzito unatua begani kwangu, pale pale dada aliponipiga. Alikuwa mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara, mtu mpana, mpole, aproni yake bado ina damu, ametoka kuona kelele za nini. Alikuwa anatabasamu.

"Fundi," akasema, amekodoa macho juu, "yule si mke wangu?"

"Ndiye, kaka."

"Aisee! Kapendeza! Mbona hukuniambia?" Akanitikisa bega kwa furaha. "Na wameandika nini pale? Miwani nimeacha dukani."

Nilimtazama mama. Futi ilikuwa imemlegea mkononi. Alikuwa ameshasoma.

"Nisomee basi, fundi," mwenye bucha akasema, na tabasamu likaanza kumpungua kidogo kidogo kadiri alivyozidi kuitazama picha, akitafuta upande wa kulia, akitafuta wa kushoto. "Siku ile tulisimama wote pale ngazini. Mimi niko wapi?"